Chupa ya Tisa Iko Hai

"Usiiguse, afande. Nakuomba. Itazame tu."

Inspekta aliurudisha mkono mfukoni, akainama. Kwenye rafu ya chini kabisa ya maabara zilipangwa chupa tisa, kila moja na kibandiko chake: tarehe ya Jumanne, namba, mahali, saa. Nane za kwanza zilikuwa zimetulia tuli, taka zake zimelala chini kama machicha ya chai. Ya tisa ilikuwa inacheza. Ndani yake vidoadoa visivyozidi punje ya chumvi vilikuwa vinaruka, vinasimama, vinaruka tena, mamia kwa mamia, bila sauti yoyote. Vyote vilikuwa vimejazana upande mmoja wa chupa, ule ulioelekea tochi yake. Alipoihamisha tochi kulia, navyo vikahama kulia.

"Vinanifuata," alisema.

"Vinafuata mwanga. Ndivyo vilivyo vikiwa hai." Mwanamke wa maabara alikuwa amesimama mlangoni, mikono kaikumbatia kifuani. Kituo kizima cha kupima maji ya mto kilimwita Jicho, kwa kuwa kutwa nzima hufumba moja na kubandika jingine kwenye hadubini. "Lakini havitakiwi kuwa hai. Miaka yote niliyofanya kazi na marehemu, hajawahi kuniletea chupa inayotembea. Leo naingia kazini, nawasha taa, ndiyo inayonipokea. Nilipiga kelele mpaka mlinzi akaja na rungu."

Ilikuwa saa tatu asubuhi, Alhamisi. Saa nane mchana mtu mmoja angepandishwa kizimbani kusomewa shtaka la kuua, shtaka lisilo na dhamana, na akishaingia huko hata akiwa malaika hutoka na mvi. Inspekta alikuwa amepewa faili usiku wa jana na mkubwa wake, kwa maneno haya: "Kaweke sahihi tu, mama. Kazi imeshakwisha."

Mkubwa alijisahau. Polisi wenzake walimwita Inspekta Tena, na tusidanganyane, halikuwa jina la mapenzi. Mwanamke huyu alikuwa na ugonjwa mmoja: shahidi akishasema neno, yeye humwambia "sema tena," mara mbili, mara tatu, mpaka shahidi ajute kuzaliwa na ulimi. Mtu wa aina hiyo humpi faili akaweke sahihi.

Aliyekufa aliitwa Mpima Maji, kwa kazi yake. Kwa miaka kumi na tisa, kila Jumanne aliingia kwenye mashua akachota maji mahali panane, kuanzia kule mtoni maji yalipo baridi mpaka mlangoni, mto unapoingia baharini na kuchanganyika chumvi. Chupa moja kila mahali. Jumanne hii alichota, akarudi, na saa kumi jioni akaonekana katikati ya nguzo za gati, amesimama majini. Amesimama, ndiyo. Koti la kuelea lilimshika mabega, maji yamemfika kifuani, kichwa kimeinama kama mtu anayetafuta kitu alichoangusha. Kila wimbi dogo lilipopita, alitikisa kichwa kukubali. Mlinzi aliyemkuta alimsalimia kwanza. Alimsalimia mara mbili, masikini, ndipo akakimbia.

Mwendesha mashua wake alikuwa kaka wa mkewe. Marehemu alimwita shemeji, na kituo kizima kikaiga, hata mkuu wa kituo: Shemeji lete mashua, Shemeji umekula? Sasa Shemeji alikuwa mahabusu siku ya pili, na dada yake, mjane, alikuwa amekaa hapo nje kwenye benchi la ua, amekuja kuchukua vitu vya mumewe. Inspekta alipompita getini alimuuliza kama amemwona kaka yake. Mjane alijibu bila kuinua uso.

"Sina kaka. Nilikuwa naye."

Hakuwa amempelekea hata maji ya kunywa. Na nani angemlaumu? Kwenye faili, ukurasa wa kwanza, Koplo aliandika kwa mwandiko mzuri wa shule kwamba mfua nguo wa jirani alimsikia mtuhumiwa akikiri kwenye simu: *Nimemuua.* Ukurasa wa pili, mkuu wa kituo alieleza kwamba marehemu alimwambia atarudi majini na shemeji yake saa nane mchana kuongeza chupa ya tisa, na kweli chupa hiyo ilikutwa rafuni: *Namba 9. Mlangoni. Saa nane mchana.* Shemeji alidai hakuna safari ya pili, kwamba saa nane alikuwa kwake amelala. Peke yake. Ukurasa wa tatu ulikuwa na mstari mmoja tu: *Mtuhumiwa anadai alichoua ni chupa. Anajifanya mwendawazimu.*

"Kwa nini havitakiwi kuwa hai?" Inspekta aliuliza.

Jicho alimtazama kama anayeulizwa kwa nini maji yanalowesha. "Kwa sababu hii haikuuawa."

Inspekta alisimama wima. "Sema tena."

"Chupa haikuuawa. Ukishachota unaiua palepale kwenye mashua, kabla hujawasha injini. Unatia dawa kifuniko kimoja, unatikisa, unasema kwa sauti 'nimeiua,' mwenzako anaandika saa daftarini. Usipoiua..."

Hakumaliza. Inspekta alikuwa ameshatoka.

Mfua nguo alikuwa ng'ambo ya uzio, karibu na bomba la kituo, mikono kwenye povu mpaka viwiko. Alipoona sare alivuta pumzi ndefu.

"Nilishaandikisha, mama. Kijana wenu ameandika karatasi nzima."

"Ameandika alivyosikia yeye. Nataka ulivyosikia wewe. Ilikuwa saa ngapi?"

"Saa nne. Nilikuwa naanika za kwanza. Shemeji akaja hapo bombani kunawa, simu kaibana kwa bega, akasema ameua."

"Neno kwa neno. Alivyolitamka."

"Alisema, 'Ndiyo dada, nimeshaziua zote. Zote nane, hata moja haijabaki hai.'"

"Tena."

"Nimeshaziua zote nane! We mama, masikio yako yana nini?"

"Si 'nimemuua'?"

"Hapana. Ziua. Hata mimi nikajiuliza, huyu ameua nini? Angekuwa ameua kuku angesema nimewaua. Nikaendelea na nguo zangu. Jioni nasikia mtu kafa, nikasema ala, kumbe ndiyo yale." Mkono wa mfua nguo ukaelea kwenye povu. "Mama, kwani nimefanya nini?"

"Wewe hujafanya kitu. Endelea kufua."

Koplo alipokea simu kwa mlio wa kwanza. Inspekta alimsomea sentensi ya mfua nguo, kisha sentensi ya faili, akamuuliza zimeachana wapi njiani.

"Afande," alisema Koplo, na sauti yake ilijaa unyofu, "niliona amekosea ngeli, nikamsahihishia. Mtu anauawa kwa 'mu', hauawi kwa 'zi'. Nisingeweza kupeleka mahakamani karatasi yenye kosa la sarufi."

"Na 'nane' umeipeleka wapi?"

"Nilidhani anataja saa, afande. Saa ya simu yenyewe sikumuuliza. Ikalingana na maelezo ya mkuu wa kituo."

Inspekta alifumba macho. Mtu alikuwa anakaribia kuozea gerezani kwa sababu koplo mmoja alipata alama nzuri za Kiswahili. "Nisikilize. Ukimtoa mahabusu kumpeleka mahakamani, usimpeleke. Mlete hapa kituo cha maji. Nitamalizana na mkubwa mimi. Na ile picha ya rafu uliyoipiga Jumanne jioni, nitumie sasa hivi."

Aliporudi maabara, Jicho alikuwa ameshachota tone la chupa ya tisa kwa bomba la kioo na kuliweka chini ya hadubini. Alikuwa analia kimyakimya huku anafanya kazi, bila kufuta.

"Jumanne saa nne Shemeji alimwita mtu 'dada' kwenye simu. Ni nani?"

"Ni mimi. Nilikuwa nimekwenda kumuuguza mama. Nilimuuliza kama wameziua, maana dawa ilikuwa imebaki kidogo. Akasema wameziua zote." Akainua uso. "Kwani?"

Inspekta alimwambia. Jicho alikaa chini, si kwenye kiti, sakafuni.

"Nisingekwenda kwa mama," alisema, "ningekuwa hapa. Ningesema."

"Unasema sasa. Inuka. Nataka kujua jambo moja. Yawezekana walikwenda tena saa nane, Shemeji akamzamisha mwenzake, na kwa kiwewe akasahau kuiua hii ya mwisho?"

Lilikuwa swali la haki, na Inspekta hakulipenda. Dawa isiyotiwa inaonyesha mkono uliotetemeka vilevile inavyoonyesha mkono usiojua.

Jicho aliinuka, akafuta uso kwa mkono wa koti, akabandika jicho. Alikaa hivyo kwa muda mrefu. Feni ya dari ilikuwa inalia kwa mbali. Kuta nne za chumba kile zilikuwa rafu tu, sakafu mpaka dari, na kwenye rafu kulikuwa na kila Jumanne ya miaka kumi na tisa, kila moja imesimamishwa palepale ilipofikia, vidudu vyake vimekunja miguu. Mto mzima uliokufa ulikuwa umewazunguka wanawake wale wawili. Kilichokuwa hai mle ni wao, na chupa ya tisa.

"Haya si maji ya mlangoni," Jicho alisema hatimaye.

"Umejuaje?"

"Kibandiko kinasema mlangoni. Pale maji ya mto na ya bahari yanakutana, kila mtu anakuja kula. Kuna majani, madogo kuliko vumbi. Haya tunayaita vijani vya kioo, kila kimoja kina gamba kama la glasi. Kuna wadudu wanaokula majani. Kuna wanaowala hao. Kuna vifaranga vya samaki vinavyowala wote, na samaki akifa anaoza, anakuwa mbolea ya majani. Hiyo ndiyo planktoni, afande: mezani wote wanaliwa. Tone moja la mlangoni lina aina hamsini zinaviziana. Hapa naona mbili."

"Sema tena."

"Mbili. Jani moja na mlaji mmoja. Hakuna anayemla mlaji. Mto haupangi meza namna hii. Hii kaipanga mtu."

Simu ya Inspekta ililia. Picha ya Koplo ilikuwa imefika. Rafu ileile, chupa zilezile, Jumanne jioni. Kwenye picha chupa ya tisa ilikuwa na rangi ya chai ya rangi. Aliisogeza simu karibu na chupa yenyewe. Sasa maji yake yalikuwa meupe, yanakaribia kuwa ya kunywa.

"Rangi imekwenda wapi?"

"Imeliwa," alisema Jicho. "Rangi ndiyo hayo majani. Chupa ikiuawa, kila mtu anabaki alivyokuwa. Hii imekuwa ikijila yenyewe siku mbili, hapa rafuni, gizani, mlango umefungwa. Sasa majani yamebaki machache tu. Njoo utazame wanachofanya."

Inspekta alitazama. Katika duara la mwanga mnyama asiye na rangi, mwenye jicho moja jekundu katikati ya paji la uso, alikuwa amemshika mwenzake kwa miguu yote na anamsaga taratibu kuanzia mkiani. Aliyekuwa analiwa bado alikuwa anapiga makasia. Inspekta aliwahi kuona maiti za kila namna, lakini alijikuta amerudi nyuma hatua mbili.

"Kesho asubuhi," alisema Jicho, "hakutakuwa na kitu cha kumwonyesha hakimu. Maji tu."

Inspekta akafungua mkoba wake, akatoa kisanduku kidogo chenye lakiri ya hospitali. Daktari wa maiti alimkabidhi alfajiri ile, pamoja na maneno machache, kwa kuwa daktari huyo huongea kwa kipimo. Ndani kulikuwa na vioo viwili vyembamba. "Tazama na hivi. Usiniambie unachodhani. Niambie unachoona."

Jicho akaweka cha kwanza. Akaweka cha pili. Akarudia cha kwanza.

"Ni yuleyule," alisema. "Kijani kilekile cha kioo, cha chupa ya tisa. Peke yake, hana mwenzake. Afande, haya maji yametoka wapi?"

"Kioo cha kwanza ni maji ya ndani ya mapafu ya Mpima Maji. Cha pili si maji. Ni uboho wa mfupa wa paja lake."

"Ndani ya mfupa?"

"Daktari anasema magamba hayo ni madogo kiasi kwamba mtu akizama, yanapenya mapafu, yanaingia kwenye damu, na moyo unayasukuma mpaka mifupani. Maiti ukiitupa majini haitokei hivyo. Moyo uliosimama hausafirishi kitu." Inspekta aliongea taratibu, kwa kuwa naye alikuwa anaisikia sentensi yake kwa mara ya kwanza. "Mwenzako alikuwa hai alipoyanywa maji hayo. Na si ya mto, si ya mlangoni. Kijani hiki kinakaa wapi?"

Jicho aliziendea rafu, akateremsha chupa ya mwezi uliopita, na ya mwaka jana, na ya mwaka juzi, akaziweka mezani moja moja.

"Kimo humu," alisema. "Kimo katika zote, miaka mitatu sasa. Kila nikihesabu namkuta huyu mgeni, mwingi, mto unaonekana umeshiba. Wiki iliyopita nilimuuliza Mpima Maji: huyu ametoka wapi? Alitazama mpaka jioni. Akaniambia, 'Niachie mimi, dada. Jumanne ijayo chupa zangu nitazikalia mwenyewe.' Nikamwachia. Nilimwachia, afande. Na Jumanne nikaondoka."

"Kinakaa wapi?"

"Uani. Kwenye tangi la Mkuu."

Tangi lilikuwa nyuma ya ofisi, la saruji, pana kama chumba cha kulala, lenye bati juu yake. Mkuu wa kituo alilijenga miaka mitatu nyuma kwa ajili ya kulishia vifaranga vya samaki, na hakuna aliyewahi kuona kifaranga. Maji yake yalikuwa rangi ya chai ya rangi. Pampu ndogo ya hewa ilikuwa inakoroma pembeni na mapovu yanapanda katikati, polepole, mahali pamoja, kana kwamba kuna mtu chini anatoa pumzi. Inspekta alisubiri yaishe. Hayakuisha. Aliangaza tochi, na kutoka kila pembe ya tangi vidoadoa vikaanza kumjia.

Ukutani palikuwa na misumari mitatu na makoti mawili ya kuelea; la tatu ndilo alilokutwa nalo marehemu. Shemeji alikuwa ameeleza akiwa mahabusu kwamba marehemu hakuwahi kulivaa koti hilo hata siku moja, alisema linamkaba. Hatua sita kutoka hapo palikuwa na mlango wa mfereji unaomwaga maji mtoni, na Jumanne maji yalijaa saa tano, kisha yakaanza kutoka kuelekea gatini.

Inspekta alichota chupa moja, akarudi ndani, akatuma askari wake wa gari akamwite Mkuu.

Mkuu wa kituo aliingia ananukia sabuni. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye sauti ya kufariji. Wafanyakazi walimwita Bwana Muhuri, kwa kuwa kwa miaka mingi hakuna alichokigusa zaidi ya muhuri. Alimpa Inspekta pole ya kazi, akampa Jicho pole ya msiba.

"Sitakuchelewesha, mzee," alisema Inspekta. "Nina chupa mbili hapa. Hii nimeichota sasa hivi. Nataka ushahidi uwe sawa mbele ya hakimu, na wewe ndiye mkuu. Nisaidie. Iue."

Mkuu alitabasamu. "Niifanye nini?"

"Iue hiyo chupa."

Alitazama chupa, akamtazama Jicho, akamtazama tena Inspekta, akiwa bado na tabasamu lakini macho yameanza kutafuta mlango wa kutokea. "Afande, chupa haiuawi. Labda unataka niivunje?"

Jicho alitoa sauti ndogo, kama mtu aliyechomwa sindano.

"Sema tena," alisema Inspekta.

"Chupa haiuawi."

"Kila mtu wa kituo hiki anayeshika chupa anajua inavyouawa. Mpima Maji alijua. Shemeji alijua, tena kujua huko ndiko kulikomfunga. Wewe hukujua, maana hujakanyaga mashua. Lakini chupa unazishika, mzee. Miaka mitatu umekuwa ukizishika, baada ya wenzako kuzipanga rafuni na kwenda zao. Unapunguza maji ya mto, unajazia ya tangi. Na kwa kuwa zilikuwa zimeshatiwa dawa, chochote ulichotia kilikufa humohumo. Hukuona kitu kikitembea hata siku moja. Ukadhani ndivyo chupa zilivyo."

Mkuu alivuta kiti, akakaa.

"Jumanne ukahitaji chupa mpya, ya saa nane, ya safari ambayo haikuwepo. Ukaogopa kwenda mtoni ukaonekana. Ukafanya ulivyozoea, ukachota tangini. Ila hii hukuwa na wa kukuulia." Aliisukuma chupa ya tisa mbele yake, na tochi akaiweka nyuma ya bega la Mkuu. Vidoadoa vyote vikaondoka vilipokuwa, vikavuka chupa, vikakusanyika upande wa yule mzee, vinagonga ukuta wa chupa. "Tangi hilohilo limo kwenye mapafu ya Mpima Maji. Limo mpaka kwenye mfupa."

Mkuu alijivuta nyuma na kiti. Aliitazama chupa, na alipoongea ile sauti ya kufariji haikuwepo.

"Mto huu umekufa," alisema. "Mnajua hilo? Miaka mitatu sasa. Maji ya juu yanakuja matupu. Hakuna majani, kwa hiyo hakuna wa kula majani, kwa hiyo hakuna samaki. Ningeandika hivyo, kituo kingefungwa na mimi ningeulizwa nilikuwa wapi. Nikaupaka rangi tu. Sikumdhuru mtu. Mpima Maji alikuja tangini na kikombe chake, saa nne ile, amechota, ananiambia mbele ya uso wangu, 'Mkuu, umekuwa ukinitia maneno kinywani miaka mitatu.' Aliinama kuchota tena. Aliinama mwenyewe."

"Na wewe?"

"Mimi nilimsaidia asiinuke."

Askari wa gari alimfunga pingu, akamtoa kwa mlango wa nyuma, asipite kwenye benchi.

Kwenye benchi mjane alikuwa palepale, ameweka miguuni mfuko wa vitu vya mumewe: miwani, viatu vya mpira, daftari la chupa. Inspekta alikaa kando yake. Hakuwa hodari wa kupoza watu, kwa hiyo alimweleza kama anavyoandika ripoti, bila kuruka kitu: tangi, Mkuu, koti. Mjane alisikiliza bila kutikisika. Inspekta alipofika kwenye simu ya bombani, ndipo mjane alipogeuka.

"Kaka yako hakusema 'nimemuua.' Alisema, 'nimeziua zote nane.' Chupa. Koplo ndiye aliyesahihisha."

"Sema tena," alisema mjane.

"Nimeziua."

"Tena."

"Nimeziua zote nane."

Mjane alijifunika uso kwa viganja. "Miaka yote nimelisikia neno hilo nyumbani kwangu," alisema ndani ya viganja. "Wanarudi jioni, namuuliza mume wangu, mmeziua? Kila Jumanne. Na waliponisomea karatasi yao, nikaamini karatasi."

Gari la polisi liliingia uani. Koplo alishuka kwanza, anatazama viatu vyake. Nyuma yake akashuka Shemeji, bila mkanda, midomo imekauka na kupasuka. Alimwona dada yake akasimama, hakujua kama anaruhusiwa kusogea. Mjane naye alisimama. Aliokota chupa ya maji ya kunywa iliyokuwa kando ya benchi, akavuka ua, akampa. Shemeji akanywa yote bila kupumzika, na dada yake akiwa amemshika kifundo cha mkono, hamwachii.

"Samahani kwa haraka," alisema Inspekta, "lakini kuna chupa inajila. Nimeshatenga nyingine za ushahidi. Hii inabidi ifungwe leo, mbele ya mashahidi, na mtu anayejua."

Waliingia maabara. Jicho alimwekea Shemeji chupa ya tisa na dawa iliyobaki, kifuniko kimoja tu. Shemeji aliipima dawa bila kumwaga tone. Alitia, akafunga, akatikisa. Vidoadoa vilizunguka mara moja, mara mbili, kisha vikaanza kushuka, polepole, mpaka chini. Alifungua mdomo kusema lile neno, akamtazama dada yake, akaufunga.

"Sema, kaka," alisema mjane. Alikuwa ameshatoa daftari la mumewe mfukoni na amelifungua kwenye ukurasa wa Jumanne, chini ya mstari wa nane, kalamu mkononi.

"Nimeiua."

Mjane akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa nane kamili. Akaandika.